Sheria ya Rosa

Sheria ya Rosa ni sheria ya shirikisho la Marekani iliyotiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 5 Oktoba 2010. Katika sheria kadhaa za elimu, afya na kazi iliondoa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "udumavu wa akili" na kuweka "ulemavu wa akili" mahali pake. Aliyeandikwa zamani kuwa "mdumavu wa akili" sasa huandikwa "mtu mwenye ulemavu wa akili", yaani anatajwa kwanza kama mtu.

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambapo mtu hupata ugumu mkubwa kuliko wenzake katika kujifunza, kufikiri na kumudu mambo ya kila siku kama kutumia fedha au kusafiri peke yake. Usichanganywe na ugonjwa wa akili, ambao unaweza kumpata mtu katika umri wowote na mara nyingi hutibika.

== Historia ya maneno ==
Neno lililoondolewa mwaka 2010 liliwahi kuwa neno la heshima. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walitumia "idiot", "imbecile" na "moron" kama madaraja ya upimaji. La mwisho lilibuniwa mwaka 1910 na mwanasaikolojia Henry Goddard kwa watu wazima ambao akili yao ilikadiriwa kulingana na ya mtoto wa miaka 8 hadi 12. Maneno hayo yakatoka hospitalini yakaingia mitaani, yakawa matusi. "Udumavu wa akili" ukachukua nafasi yake kama istilahi safi, lakini baadaye watoto shuleni walikuwa wakitukanana nayo pia. (Kiswahili nacho kinalijua jambo hili: "taahira" na "punguani" leo husikika zaidi katika ugomvi kuliko zahanati.)

== Kutungwa kwa sheria ==
Rosa ni msichana wa jimbo la Maryland mwenye sindromu ya Down. Sheria ilipopita alikuwa na miaka 9. Mama yake alikuta neno la zamani katika hati za shule za binti yake, naye pamoja na wazazi wengine wakalipeleka suala hilo kwa watunga sheria wa jimbo. Kaka yake Rosa, akiwa bado mtoto, alitoa ushahidi mbele yao kwamba jinsi watu wanavyomwita dada yake ndivyo watakavyomtendea. Maryland ikabadilisha sheria zake mwaka 2009.

Seneta Barbara Mikulski wa jimbo hilo, wa chama cha Democratic, aliwasilisha muswada wa shirikisho Novemba 2009 akiungwa mkono na Mike Enzi wa Wyoming, wa chama cha Republican. Seneti iliupitisha Agosti 2010, na Baraza la Wawakilishi Septemba.

== Mipaka na matokeo ==
Sheria yenyewe inaeleza kuwa haiongezi wala kupunguza haki au huduma ya mtu yeyote. Kifungu hicho kilikuwa muhimu, kwa kuwa jina likibadilika katika sheria moja na kubaki katika nyingine, mtu angeweza kuambiwa kwamba hahusiki tena na msaada aliokuwa akipata. Majimbo hayakulazimishwa kubadilisha sheria zao. Sheria ya Hifadhi ya Jamii haikuguswa. Idara inayoisimamia ilibadilisha kanuni zake mwaka 2013.

Neno hilo lina uzito hata katika kesi za mauaji. Mwaka 2002, katika kesi ya Atkins dhidi ya Virginia, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwaua kwa adhabu ya kifo watu wenye ulemavu huu, ikitumia jina la zamani. Katika kesi ya Hall dhidi ya Florida mwaka 2014 ilitumia jina jipya, ikaitaja Sheria ya Rosa na kusema kuwa hali inayozungumziwa ni ileile.

== Afrika ya Mashariki ==
Lugha ya kale ya Kiingereza iliingia pia katika sheria za makoloni ya Uingereza, ikabaki baada ya uhuru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha; hata hivyo ibara ya 83 ya katiba hiyohiyo bado inamnyima kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu.

Nchini Uganda, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kilikusudiwa kumlinda mwanamke mwenye ulemavu wa akili dhidi ya kuingiliwa, lakini kilimwita "idiot" au "imbecile". Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa maneno hayo yanavunja utu wake, ikaagiza kifungu kisomwe bila hayo.