Mwalimu naye akubali kutazamwa afundishapo

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii tumeizoea mno hata tumekaribia kuisahau maana yake, na sidhani kuna mahali inapostahili kukumbukwa leo kuliko katika chumba cha walimu. Humo mna watu wenye ujuzi wa kila namna. Lakini kila mmoja aingiapo darasani huufunga mlango nyuma yake, na yatendekayo humo huyajua yeye, wanafunzi wake na ubao.

Nimelifikiria jambo hili kutokana na mjadala wa muda mrefu kuhusu elimu inayomweka mwanafunzi katikati. Tangu Januari 2019, Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini kuanzia shule za chekechea hadi Gredi ya 3, maneno hayo yamekuwa wimbo wa kila kikao. Mtihani wa KCPE nao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tunaambiwa kwamba mwanafunzi atende, aulize na agundue, naye mwalimu awe mwelekezi badala ya kuwa mhubiri. Ni nani atakayelipinga hilo? Swali ni je, mwalimu aliyefunzwa kwa kukariri, kisha akafunza kwa kukaririsha miaka 20, atageuka vipi kwa sababu tu vitabu vimebadilishwa majalada?

Tuchukue mfano wa Muthara, katika Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru. Katika miteremko ya milima ya Nyambene miraa ndiyo roho ya uchumi, na mtoto huanza kuisaidia familia yake mapema. Anajua kuvihesabu vifungu vidogo, akavifunga pamoja kumi kumi na kuviviringisha kwa jani la mgomba ili majani yasinyauke. Anajua pia kwamba bei ya asubuhi si bei ya jioni, na anajua kukadiria hasara ya mzigo uliochelewa gari. Mtoto huyo huyo akiulizwa darasani asilimia ya faida, anakuwa bubu. Nasi, bila haya, twamwita mjinga!

La kusikitisha ni kwamba soko halimwiti mjinga. Si siri kuwa katika sehemu hizo wavulana wengi huiacha shule na kwenda kuchuma miraa, kwa kuwa soko huwapa fedha leo ilhali shule huwaahidi kesho. Sisemi shule iisifie miraa, la hasha. Nasema kwamba mvulana asiyewahi kuonyeshwa kuwa hesabu aliyoileta kutoka nyumbani ni mali hana sababu ya kuamini kuwa darasani mna kitu chake. Kwa hivyo, suala la mbinu za kufundisha si la kujadiliwa kwenye semina tu na kuachwa huko. Huko Muthara laweza kuamua ni nani atakayebaki dawatini na nani atakayekuwa juu ya mti muhula ujao.

Wala wazo hili si geni nchini. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi elimu ya vitendo, na wazazi wakachanga fedha za kujenga karakana. Mtihani ukaimeza ahadi hiyo, na wengi wakaishia kukariri sehemu za randa bila kuigusa randa yenyewe.

Mwaka 1998 serikali, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza kwa majaribio katika wilaya 9, kisha kuanzia 2003 ukaenezwa kote nchini, ikiwemo Wilaya ya Meru Kaskazini ambayo wakati huo iliijumuisha Muthara. Mradi huo ulikuwa na mihimili miwili. Wa kwanza ulimtaka mwalimu ampe mwanafunzi kazi ya kufanya kwa mikono yake, na palipokosekana vifaa vya maabara abuni vyake kutokana na vitu vilivyomzunguka. Wa pili ulikuwa mzunguko wa hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha, kisha urudi kupanga tena.

Kwa maoni yangu, mhimili wa kwanza tuliupokea kwa mikono miwili, ule wa pili tukaupokea kwa ncha za vidole. Kupanga tulipanga na kutenda tukatenda. Hatua ya tatu, ile ya kutazama, ndiyo iliyochechemea. Mwalimu alitoka kwenye mafunzo ya likizo akiwa na moto, akarudi shuleni na kuufunga mlango wake kama zamani. Pasipo mtu wa kumwambia alichokiona, angeboresha nini?

Wajapani, ambao mzunguko huo ulitujia kupitia kwao, wana desturi ya walimu kuandaa somo pamoja, mmoja wao akalifundisha huku wenzake wakitazama, kisha wote wakakaa kulichambua. Kinachochambuliwa ni somo, wala si mtu. Kwetu sisi, mgeni akiketi nyuma ya darasa, mwalimu hutokwa na jasho. Hofu hiyo ina mizizi. Kwa vizazi vingi mtu aliyekuja kutazama alikuwa mkaguzi, na mkaguzi alikuja kutafuta kosa. Tume ya Kuajiri Walimu ilipoeneza tathmini ya utendakazi kote nchini mwaka 2016, kutazamwa darasani kulikuwa sehemu yake, na chama cha KNUT kikaipinga vikali. Jicho la mwajiri na jicho la mwenzako si jicho moja, hata kama yote mawili yanatazama ubao ule ule.

Hata hivyo, tunao ushahidi kwamba jicho la msaada linawezekana. Mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma mwaka 2015 kwa madarasa ya kwanza na ya pili, uliwatuma maafisa wa kusaidia mtaala, wakiwa na vishikwambi, wakae darasani, wawasikilize watoto wakisoma, kisha wamshauri mwalimu baada ya kipindi. Semina iliachwa pale mlangoni, ushauri ukaingia hadi ndani.

Najua nitakachojibiwa. Darasa lina wanafunzi 60, silabasi ni ndefu, na walimu ni wachache. Yote hayo ni kweli, na serikali haiwezi kuepuka lawama yake. Lakini walimu wawili wa hisabati wa shule jirani hawahitaji waraka kutoka Nairobi ili watembeleane mara moja kwa mwezi. Wanahitaji sharti moja tu: mgeni asiandike alichofanya mwalimu, bali aandike walichofanya wanafunzi. Ni nani aliyeuliza swali? Ni nani aliyenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho? Yule mvulana wa dawati la nyuma, aliyeamka alfajiri kuchuma miraa, alisinzia dakika ya ngapi, na ni swali gani lililomwamsha? Daftari hilo lisipelekwe kwa mwalimu mkuu wala kwa tume. Wakae nalo wawili hao chini ya mti, walipange upya somo la wiki ijayo, na mwezi unaofuata wabadilishane zamu.

Nanyi wanafunzi msijione watazamaji. Elimu inayowaweka katikati huwadai pia. Kuuliza si ujinga, na anayemwambia mwalimu wake kwa adabu, "Hapo sijaelewa," amemsaidia kuliko anayeitikia "Ndiyo" kwa sauti ya kwaya.

Twawataka watoto wetu wakubali kukosea hadharani, wasahihishwe na wajaribu tena. Hilo ndilo kiini cha mtaala wenyewe. Basi ni haki gani itakayotufanya sisi walimu tulikatae lile tunalowalazimisha wao kila siku? Siku ambayo mwanafunzi wa Muthara atamwona mwalimu wake akikubali mbele ya mwenzake kwamba somo la jana halikufaulu, kisha akalirudia kwa njia nyingine, atakuwa amefunzwa somo lisilomo katika kitabu chochote. Mlango wa darasa na ufunguliwe.