Je, Wajua? Haki za Aliyeunguzwa na Gari Bovu

Je, wajua kwamba gari likiwaka moto, shahidi wako mkuu ni mabaki yake? Katika soko la Gikomba, Nairobi, shahidi huyo haishi sana. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali, na gari lililoungua alfajiri laweza kuwa limekatwakatwa na kupimwa kwa kilo kabla ya adhuhuri. Piga picha kutoka kila upande, na mabaki yasiondoke kabla ya mtaalamu kuyaona. Yakiwa yadi ya polisi au kwa mwenye gari, wakili anaweza kuiomba mahakama izuie yasiuzwe.

Je, wajua mkaguzi hutafuta nini kwenye masizi hayo? Huanza na fyuzi. Fyuzi ikiungua mara kwa mara, kuna mafundi wanaoitoa na kuweka kipande cha waya mahali pake ili gari liendelee na kazi. Umeme ukizidi, hakuna tena cha kuukata. Waya unapata joto mpaka plastiki yake inashika moto. Halafu hutazama mpira wa petroli: je, ulifungwa kwa kibano chake, au kwa ukanda wa tyubu kuukuu? Ncha za waya wa shaba zilizoyeyuka zikawa kama shanga nazo humwambia mengi kuhusu mahali umeme ulipogusana. Hayo yote hupotea gari likishapelekwa kwenye tanuru.

Je, wajua kwamba fidia ya bidhaa mbovu imo ndani ya Katiba? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma hizo.

Na huyo mlaji si lazima awe ndiye aliyelipa pesa dukani. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inamhesabu pia mtumiaji wa bidhaa ambaye hakuwa sehemu ya mapatano ya kuinunua. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtu mmoja kufungua kesi kwa niaba ya wenzake waliopatwa na jambo moja. Abiria kumi na wanne wa matatu moja hawana sababu ya kwenda mahakamani kwa milango kumi na minne.

Je, wajua kwamba kesi yako ina undugu na chupa ya kinywaji cha tangawizi? Mnamo 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alikunywa kinywaji alichonunuliwa na rafiki yake, kisha ikasemekana mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa amenunua chochote, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza walisema mtengenezaji ana wajibu wa kumkinga mtu atakayeitumia bidhaa yake, hata kama hawajawahi kuonana. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika mahakama za Kenya hadi leo. Ndiyo maana unaweza kumshtaki aliyetengeneza gari, aliyeliingiza nchini, aliyekuuzia yadini, na hata fundi aliyeunga waya vibaya chini ya mwembe.

Tusiwaache wenye magari. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo andika nambari ya gari hata kama umeungua mkono mmoja. Nambari hiyo ndiyo itakayotoa jina katika rekodi za mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA.

Je, wajua kwamba Afrika Kusini wanaoumia wana kazi nyepesi kuliko sisi? Sheria yao ya walaji ya 2008 haimdai aliyeumia athibitishe uzembe wa mtengenezaji; anathibitisha kasoro na madhara. Huko, Januari 2017, Ford iliagiza magari 4,556 ya aina ya Kuga yarudishwe karakana baada ya msururu wa magari hayo kuwaka moto. Injini zilikuwa zikipata joto kupita kiasi. Kwetu, anayedai uzembe ndiye anayeuthibitisha. Lakini kuna msaada: mahakama inaweza kukubali kwamba jambo lenyewe linasema. Gari likitunzwa vyema haliwaki moto lenyewe barabarani, kwa hiyo mwenye gari huitwa aeleze ilikuwaje. Kwa maoni yangu hilo bado halitoshi. Mama anayeuza viatu vya mitumba hana maabara ya kulifungua gari la mtu, na Bunge lingefanya vyema kumpunguzia mzigo huo.

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, na kanuni ya shirika la viwango, KEBS, hairuhusu yaliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Umri, hata hivyo, hausemi kama kasoro iliyotangazwa na kiwanda ilirekebishwa. Nambari ya chesisi ndiyo inayosema: kampuni kadhaa za huko huweka mtandaoni mahali pa kuiingiza na kuona kama gari liliitwa likarekebishwe.

Je, wajua kwamba bima ya lazima hailipi robota lako la mitumba? Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwakatia wengine bima ya kifo na majeraha ya mwili. Mali haimo katika ulazima huo. Isitoshe, kiwango cha lazima kwa mtu mmoja hakizidi shilingi milioni 3. Lori likiwaka kando ya kibanda chako na nguo zikateketea, itabidi umdai mwenye lori mwenyewe, isipokuwa kama alikata bima pana zaidi. Weka risiti za marobota nyumbani, si kibandani.

Je, wajua kwamba wa kushtakiwa wanaweza kuwa wengi kuliko unavyodhani? Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, gari lililobeba gesi lililipuka, kama serikali ilivyosema, na moto ukafika hadi kwenye ghala la nguo. Watu zaidi ya 200 walijeruhiwa. Baadaye ilijulikana kwamba mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, ilikuwa imekataa mara kadhaa mwaka 2023 maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikawasimamisha kazi maafisa wake kwa sababu ya leseni iliyotolewa. Katika msiba wa namna hiyo, wakili hutazama mwenye gari, mwenye biashara, mwenye kiwanja, kisha ofisi iliyotia muhuri.

Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Unaweza kujisemea mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60.

Je, wajua kuhusu yule mtu anayezunguka wodini akikuahidi “wakili wa bure, utalipa ukishinda”? Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, na pia inakataza kuwatafutia mawakili wateja kwa njia hiyo. Usitie sahihi karatasi ukiwa na dripu mkononi. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Sasa muda wa kufungua kesi. Kesi ya uzembe ina miaka 3. Ya mkataba, kama ulinunua gari lenyewe, ina miaka 6. Ukiishtaki Serikali kwa uzembe, una miezi 12 pekee, na wengi hukosa haki yao hapo kwa kusubiri ripoti ya uchunguzi. Aliyefariki, madai ya jamaa zake yana miaka 3 kutoka siku ya kifo, na sheria inawataja mke, mume, wazazi na watoto. Ndugu wa tumbo moja hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewalipia karo.

Na mtoto je? Kwake miaka hiyo 3 yaweza kuanza kuhesabiwa baada ya kufika miaka 18. Mtoto aliyeungua akiwa na miaka 9 aweza kuwa na hadi miaka 21, ingawa mzazi anaweza kumfungulia kesi tangu sasa. Atakapofika huko atahitaji fomu ya polisi ya P3, kadi za hospitali, ripoti ya zimamoto na picha za gari. Anzeni kuzikusanya wiki hii.