Barabara ya Njia Tatu: Je, Ingetufaa Tunduma?

Kamati za parokia zilizo kando ya barabara kuu ya TANZAM zinajua uchungu wa ajali za magari kugongana uso kwa uso. Ndizo zinazobaki na wajane na yatima. Chanzo kimoja kinafahamika: malori mazito ya kwenda Zambia na Kongo hutembea polepole, na dereva aliyechoka kusubiri huovateki bila kuona mbele.

Upo mpango unaoitwa barabara ya njia tatu. Njia ya katikati hutumiwa kwa zamu: kwa kilomita moja au mbili ni ya wanaokwenda, kisha inakuwa ya wanaorudi. Uswidi ilianza kuweka uzio wa nyaya za chuma katikati ya barabara za namna hii mwaka 1998, na vifo vilipungua sana.

Faida zake

• Dereva anayejua kuwa nafasi ya kuovateki iko mbele huvumilia.
• Uzio huzuia magari yasikutane uso kwa uso.
• Gharama ni ndogo kuliko ya njia nne, kwa kuwa ardhi na lami inayohitajika ni kidogo.

Hasara zake

• Pale njia mbili zinapoungana kuwa moja, wenye haraka hushindana.
• Lori likiharibika kwenye upande wenye njia moja, msururu wote husimama, isipokuwa mabega ya barabara ni mapana.
• Mabega yakipunguzwa ili kupata njia ya tatu, wenye miguu, baiskeli na bodaboda hukosa pa kupita.
• Uzio ukigongwa lazima utengenezwe mara moja. Pasipo uzio, rangi peke yake haimzuii dereva mkaidi.

Kwa maoni yetu, mpango huu ungefaa sehemu za wazi na za milima kati ya miji. Ndani ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, ambako watu huvuka kwenda sokoni, shuleni na kanisani, haufai. Huko panahitajika mwendo mdogo, vivuko na njia za waendao kwa miguu. Foleni ya malori mpakani nayo haiponi kwa kuovateki. Inahitaji maegesho na forodha ya haraka.

Tunaziomba kamati ziorodheshe mahali ambapo waumini huvuka na ambapo ajali hurudia, kisha zipeleke orodha hiyo kwa serikali ya mtaa au kijiji na TANROADS. Wafadhili wetu wanaweza kusaidia elimu ya usalama barabarani mashuleni. Uhai ni zawadi ya Mungu, tuulinde pamoja.