Si kila magamba ni ukoma
Mtu akitokwa na mabaka yenye magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani, kikombe chake hutengwa. Wengine husema ni ukoma, wengine karogwa. Ndugu zangu, baka la ukoma aghalabu hufa ganzi. Hili la magamba huenda ikawa ni soriasisi, na soriasisi haiambukizi hata mkilala kitanda kimoja. Ni kinga ya mwili imekosea: ngozi mpya huota kwa siku chache badala ya mwezi, ikarundikana.

Mimi naogopa zaidi vidonge vya steroidi, hizi prednisoloni tununuazo bila cheti cha daktari. Magamba hupotea upesi, mtu akafurahi, akaziacha ghafla. Ugonjwa waweza kurudi kwa kishindo: mwili mzima mwekundu, mgonjwa atetemeka kwa baridi mchana wa kaskazi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa soriasisi kali, daktari wa ngozi ana tiba ya miale, ana sindano mpya (bei yake usiulize), na ana methotreksati. Hii humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuna waliokufa kwa kukosea hapo. Damu hupimwa mara kwa mara, na mjamzito asiiguse kabisa.