Ukifika Cape Town: ni mashamba gani ya divai ya kutembelea?

Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko na mtu kule Afrika ya Kusini: mtoto anasoma, ndugu alienda kutafuta kazi, mgonjwa anafuata matibabu. Ukienda kumwona Cape Town, siku moja anaweza kukuambia: «Twende tuonje divai kwenye mashamba.» Mashamba yenyewe ni mamia. Kwa mtu wa mara ya kwanza, kuchagua njo kazi ngumu kupita kuonja.

Tuanze na hesabu. Kila shamba wanakumiminia divai nne, tano, hata sita, kidogo-kidogo. Lakini ukipita mashamba matano kwa siku, umeinua kopo kati ya mara 20 na 30. Kufika shamba la tatu ulimi umekufa, divai zote ziko na ladha moja, na falanga unaendelea kulipa. Mashamba mawili yanatosha. Matatu, kama umekula vizuri katikati. Na kutema si aibu. Kuko ndoo ndogo juu ya meza kwa ajili hiyo, hata mafundi wa divai wanatema.

Halafu, nani ataendesha motokari? Sheria ya kule inakataza kupita gramu 0,05 za pombe kwa mililita 100 za damu. Kama wote mnataka kunywa, chagueni Franschhoek. Pale kuko tramu na basi zinazozunguka mashamba: unashuka, unaonja, unapanda inayofuata. Sisi wa Congo tutacheka kidogo kusoma vibao: La Motte, La Bri, Haute Cabrière. Majina hayo yanatoka kwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya mfalme wao na kufika nchi hiyo kuanzia 1688. Lakini usisalimie watu kwa Kifaransa, kilishapotea zamani.

Stellenbosch ni ya wale wanaojua tayari wanatafuta nini. Ukipita pale, omba pinotage, zabibu iliyozalishwa palepale mwaka 1925.

Ukiwa na watoto, nenda Fairview, karibu na Paarl. Mbuzi wanapanda mnara kwa ngazi ya kuzunguka, na fromaji inaonjwa pamoja na divai. Wafanyakazi wa hapo walinunua ardhi jirani miaka ya 1990, wakaanza divai yao wenyewe, Fair Valley. Ulizia chupa hiyo.

Lakini kama siku yako inaruhusu shamba moja tu, liwe Groot Constantia, halina mbali na mji. Lilianzishwa 1685 na Simon van der Stel, mkubwa wa Kampuni ya Wadachi pale Cape. Watakuelezea kwamba divai tamu ya Constantia ilimfikia Napoleon uhamishoni Sainte-Hélène. Sawa. Wewe ingia pia kwenye makumbusho, usome habari za watumwa. Watu waliletwa Cape kutoka Madagascar, Msumbiji, India na Indonesia, na mikono yao njo ilijenga utajiri wa divai.

Utumwa uliisha, kukabaki «dop»: sehemu ya mshahara inalipwa kwa divai, kopo kwa kopo, mara nyingi kwa siku. Sheria ilikataza miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea miaka mingi. Hata leo eneo lile liko kati ya yale yenye watoto wengi zaidi duniani walioharibiwa na pombe wakiwa tumboni. Juu ya hiyo, mama mwenye mimba asionje hata kidogo. Mchimbaji ambaye baba yake alipokea posho ya kampuni ataelewa haraka. Tofauti ni kwamba unga wa posho ulishibisha watoto.

Mbele ya kuondoka, piga simu. Mashamba mengine yanafunga siku ya Mungu, mengine yanakusamehe bei ya kuonja ukinunua chupa. Ukienda Februari ao Machi, utakuta zabibu zinavunwa.