Umeambiwa Uko na Sisti Kwenye Sainasi? Usikimbilie Kisu, Soma Hii Kwanza

Kichwa inauma wiki ya tatu, pua imeziba na dawa za duka hazisaidii. Unapigwa picha ya CT, halafu unaambiwa uko na sisti kwenye sainasi. Akili inakimbia mbio: ni kansa? Tulia kwanza, msee.

Sainasi ni nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Ngozi yake laini hutengeneza kamasi. Tezi moja ikiziba, kamasi inajikusanya na kuwa kifuko. Hiyo ndio sisti ya kawaida, na mara nyingi hukaa kwenye sainasi ya shavu. Si kansa. Wengi wanaishi nayo bila kujua hadi wapigwe picha kwa sababu nyingine. Kama haikusumbui, daktari ataiacha tu. Zingine hupungua zenyewe.

Noma ni ile inaitwa mukosili. Hapa mlango wa sainasi umeziba, kamasi inajaa ndani na kusukuma mifupa hadi inakonda. Jicho linaweza kutokeza nje, ama uanze kuona vitu viwili viwili. Hiyo haingoji, ni ya kupasuliwa. Kuna pia sisti inayotoka kwa mzizi wa jino la juu. Jino lisipotibiwa, itarudi.

Zamani daktari alikata juu ya meno, ndani ya mdomo, akatoboa mfupa wa shavu. Njia hiyo, Caldwell-Luc, ilianza miaka ya 1890. Siku hizi unapewa nusu kaputi, daktari wa masikio, pua na koo anapitisha kamera nyembamba puani, anafungua mlango wa sainasi na kutoa uchafu. Uso haubaki na kovu, na wengi huenda nyumbani siku hiyo ama kesho yake.

Hatari ziko: kutoka damu, maambukizi, na mara chache sana jicho kuumia. Ukishatoka, usipenge kamasi hadi daktari akuruhusu, usibebe mizigo mizito, na uoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Fegi weka kando.

Kwa hivyo kabla familia ianze kuchanga doh, muulize daktari maswali matatu: Hii sisti ni ya aina gani? Ndiyo inaniumiza kichwa kweli? Nikingoja, kuna hatari gani? Majibu yake ndiyo yataamua kama kisu kinahitajika.