Kisimamio cha mpira kinachovumilia gongo

Mtoto anayeanza kujifunza besiboli hubebeshwa kazi mbili kwa mkupuo: kuufuata kwa macho mpira unaomjia, na kuzungusha gongo kwa mwili mzima. Mara nyingi humshinda zote mbili, akakata tamaa. Kisimamio humpunguzia mzigo. Mpira unakaa juu ya nguzo fupi, umetulia, naye anashughulika na jambo moja tu: miguu, kiuno, mikono na gongo vifanye kazi pamoja. Ndiyo maana kifaa hiki kinafaa hasa pale ambapo mipira ni michache na kocha hayupo.

Huku Kolwezi, mji wetu wa madini nchini Kongo, soka ndiyo mchezo wa kila kiwanja, lakini majirani zetu wametuonyesha kwamba besiboli si mchezo wa nchi tajiri peke yake. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani, wakakwama kwa kukosa viza. Mwaka uliofuata watoto wa mji wa Lugazi walifuzu tena, wakafika, na wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Kijana mwingine wa Uganda, Dennis Kasumba, alijulikana duniani kwa video zake akifanya mazoezi kwa matairi makuukuu na vifaa alivyojitengenezea. Mwaka 2023 alijiunga na Frederick Keys, timu ya jimbo la Maryland.

Basi tutengeneze kisimamio, na tukitengeneze kidumu. Vingi vya kujitengenezea havimalizi mwezi, kwa sababu mtengenezaji alifikiria kuubeba mpira akasahau gongo. Mtoto wa miaka saba hukosea shabaha mara nyingi, na akikosea kwa chini, gongo linaigonga nguzo yenyewe. Nguzo ngumu hulisimamisha gongo ghafla, na kadiri linavyosimama kwa muda mfupi ndivyo nguvu ya pigo inavyokuwa kubwa. Mti hupasuka, plastiki ngumu hukatika, na viganja vya mtoto huuma. Raba hupinda, hulipunguza gongo mwendo taratibu, kisha hurudi mahali pake. Kwa hiyo sehemu ya juu ni lazima iwe raba laini.

Raba hiyo ipo kwenye kila gereji: bomba la mpira la rejeta ya gari. Ndani yake mna nyuzi zinazoizuia kuchanika. Tafuta kipande kilichonyooka cha sentimita 25, chenye tundu la milimita 38 hadi 40. Kikunje kwa vidole; kikionyesha nyufa, kiache. Maji ya rejeta huchanganywa na dawa yenye sumu, kwa hiyo kioshe kwa sabuni na maji mengi, nje na ndani, kabla hakijamfikia mtoto.

Kwa nguzo, chagua bomba jeusi la maji la polietilini badala ya lile jeupe au la kijivu la PVC. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi jua letu huwaka miezi kadhaa bila wingu. Jua hilo huifanya PVC kuwa kavu na yenye kuvunjika kirahisi. Weusi wa polietilini unatokana na kaboni iliyochanganywa humo ili kuzuia miale ya jua. Nunua vipande viwili: cha milimita 50, urefu sentimita 30, na cha milimita 40, urefu sentimita 42. Cha pili kiingie ndani ya cha kwanza bila kukwama. Vijaribu papo hapo dukani.

Kitako ndicho kinachozuia kuanguka, na hapa upana una maana kuliko unene. Kifaa hupinduka kwa kuegemea ukingo wake. Ukingo ukiwa mbali na nguzo, uzito uleule hufanya kazi kubwa zaidi. Chukua beseni la zamani lenye upana wa sentimita 40 litumike kama kalibu. Tandika wavu wa waya, usimamishe katikati lile bomba la milimita 50, ukiwa umepenyeza msumari mrefu kwenye ncha yake ya chini ili lisizunguke wala kung'oka. Mimina zege la sentimita tano: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Karibu na bomba liinue kidogo ili mvua itiririke. Lifunike kwa gunia bichi kwa siku saba. Utapata kitako cha kilo 15 hivi, ambacho mtu mzima anakihamisha na mtoto hakipindui. Ukingo uzungushie ukanda wa tairi kulinda miguu.

Sasa chovya ncha ya raba katika maji ya moto, uivishe juu ya bomba la milimita 40 kwa sentimita saba, na uache kumi na nane huru. Ibane kwa klipu ya chuma, kisha uifunike klipu kwa mpira wa ndani wa tairi. Kwado yeyote, yaani fundi wa kuziba matairi, anavyo vipande. Klipu ya pili ndiyo inayopanga kimo: inabana bomba la ndani na kukaa kwenye mdomo wa bomba la nje. Ukiisogeza, mpira unapanda kutoka sentimita 60 hivi hadi 78, usawa wa kiuno kwa watoto wengi wa shule ya msingi. Usitoboe matundu ya kupitishia pini, maana ufa huanzia kwenye tundu.

Limebaki jambo ambalo katika mji wetu ni zito kuliko vipimo vyote. Viwanda vya hapa huyeyusha shaba na kobalti kwa asidi ya salfuriki. Bomba au raba iliyotoka katika viwanda hivyo isiingie mikononi mwa mtoto, hata ukipewa bure. Mchanga wa zege utoke mtoni au kwa muuzaji anayejulikana. Usichotwe kwenye marundo ya mabaki ya madini kama yale ya Kingamyambo. Magunia yaliyobeba mawe ya kobalti yasishonewe mpira wala kutandikwa uwanjani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulipima wakazi wa mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Kobalti ilikuwa imezidi katika miili yao, na watoto ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo kisimamio kiwekwe mbali na mashimo na barabara za malori, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Kwa mpira, soksi zilizojazwa vitambaa na kufungwa kwa uzi zinatosha. Mpira mgumu uwasubiri walio wakubwa. Tundika turubai mita tatu mbele ili kila pigo lirudi karibu. Mwenye gongo awe mmoja, wengine wasimame nyuma ya mstari uliochorwa mbali naye. Kila mwezi kagua raba na kaza klipu. Raba ikichakaa, ibadilishe hiyo tu. Kitako na mabomba vitaendelea kutumika miaka mingi.

Kolwezi ina mafundi wanaofufua pampu na malori kila siku. Shule ikimwomba mmoja wao Jumamosi moja, darasa zima, wasichana kwa wavulana, litapata zamu ya kupiga mpira. Kazi hiyo ni ndogo kwake, nao watoto wa mji huu wanastahili kuipata zamu hiyo.